Maombolezo Nje ya Mlango: Muziki wa Dansi katika Viunga vya Dar es Salaam na Swali Lake kwa Kanisa

1. Utangulizi

Mtu akiuliza habari za muziki wa bluzi jijini Dar es Salaam, huenda akajibiwa kwamba muziki huo haukuota mizizi huko. Jibu hilo ni sahihi kwa habari ya jina, lakini si sahihi kwa habari ya jambo lenyewe. Bluzi ilitungwa na watu weusi wa kusini mwa Marekani, watu waliokuwa wametoka utumwani bila kufika katika uhuru kamili. Waliimba kukosa kazi, kuachwa na mpenzi, mafuriko, kifungo, safari ya kwenda mji mgeni, na mauti. Mara nyingi mwimbaji hutamka neno lake mara mbili, kisha mstari wa tatu huja kama jibu, na gitaa humwitikia. Nyimbo hizo zilianza kuchapwa kwa noti mnamo 1912, na mwaka 1920 Mamie Smith alirekodi santuri iliyofungua njia kwa waimbaji wengine weusi.

Katika Kinondoni, Magomeni, Sinza, Chang'ombe na Temeke, kazi hiyohiyo ya kutamka taabu mbele ya watu ilifanywa na muziki wa dansi. Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi historia ya muziki huo, kisha kuonyesha swali ambalo historia hiyo inaliweka mbele ya Kanisa letu. Hoja yetu ni hii: kwa muda mrefu bendi za dansi zilihifadhi maombolezo ya watu wa mjini, maombolezo ambayo Kanisa lilikuwa nayo katika Biblia yake lakini halikuyapa nafasi ya kutosha katika ibada yake.

2. Chimbuko moja, njia mbili

Ni vema ikumbukwe kwamba muziki wa dansi na muziki wa sharika zetu ni jamaa. Wamisionari wa Kijerumani walileta desturi ya vikundi vya tarumbeta, ambayo imedumu katika sharika nyingi za Kilutheri hata leo. Majeshi ya kikoloni nayo yalikuwa na bendi za matarumbeta na ngoma za kijeshi. Kutokana na bendi za namna hiyo ilizaliwa katika pwani ya Afrika Mashariki, kuelekea mwisho wa karne ya 19, ngoma iliyoitwa beni. Vyama vyake viwili mashuhuri, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi, vyeo na nyimbo, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza vilienea mpaka bara kwa miguu ya askari na wapagazi waliorudi makwao. Hivyo tarumbeta ileile iliingia kanisani kwa mlango mmoja na katika viwanja vya ngoma kwa mlango mwingine.

Beni ilipopungua nguvu mijini, vijana walivutwa na dansi ya ukumbini na santuri zilizotoka ng'ambo, hasa zile za Kikuba. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Baadaye zikafuata Kilwa Jazz mwaka 1958 na Western Jazz mwaka 1959. Neno "jazz" katika majina hayo halikumaanisha muziki wa Kimarekani wenye jina hilo. Lilikuwa alama ya usasa na ya ujana wa mjini. Baada ya uhuru, mashirika ya umma na vyama vilichukua nafasi ya vilabu. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikabadili jina kila chama kilipobadilika, ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mwaka 1978 ilizaliwa Mlimani Park Orchestra chini ya shirika la usafiri na teksi. Mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC.

3. Viunga na watu wake

Mtu hawezi kuuelewa muziki huu bila kuutazama mji uliouzaa. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu wapatao 843,000 Dar es Salaam. Ile ya 1988 ilihesabu zaidi ya 1,360,000. Wengi wa walioongezeka hawakukaa katikati ya mji. Walijenga au kupanga Manzese, Tandika, Mtoni, Kijitonyama na Sinza. Ndiyo ilikuwa miaka ya uhaba uliofuata vita vya Uganda vya 1978 na 1979: foleni za unga na sukari, mshahara usiofikisha mwezi, na mwaka 1983 sheria ya nguvu kazi, ambayo kwayo wasio na kazi rasmi walikamatwa na kurudishwa mashamba. Mpangaji wa chumba kimoja Temeke alikuwa ameacha nyumbani wazee, makaburi na ngoma za ukoo wake. Ni nani aliyempa maneno ya kuisemea hali yake?

Jibu la kihistoria ni kwamba, kwa sehemu kubwa, alipewa na bendi. Katika ukumbi wa Vijana na ule wa Lang'ata huko Kinondoni, katika DDC Magomeni Kondoa, na katika klabu ya TCC Chang'ombe, watu walikusanyika mwisho wa juma. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina: Msondo wa NUTA, Sikinde wa Mlimani Park, Kamanyola wa Maquis. Mashabiki waliishika mitindo hiyo kwa uaminifu kama ule wa wapenzi wa Simba na Yanga.

Umbo la wimbo wa dansi linastahili kuangaliwa kwa makini. Sehemu ya kwanza huenda polepole. Ndiyo sehemu ya maneno, ambamo mwimbaji husimulia kisa chake mpaka mwisho na wenzake humwitikia. Ndipo huja chemko, ambapo magitaa hushika kasi, saksafoni na tarumbeta huingia, na watu hucheza. Mpangilio huu hauiondoi huzuni. Huzuni husemwa kwanza, husikilizwa, na ikiisha kusikilizwa, mwili hupewa ruhusa ya kusimama tena. Msomaji wa Zaburi ya 13 ataitambua njia hiyo: inaanza na swali la mtu aliyesahauliwa, na inaishia katika wimbo.

Walioimba hayo nao walikuwa wafanyakazi wa hali ya chini. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, hata mwanamuziki aliyeondoka aliondoka mikono mitupu. Redio Tanzania ilikuwa na studio ambayo karibu bendi zote ziliitegemea, na maneno ya nyimbo yalipitiwa kabla ya kurekodiwa. Muhidin Maalim Gurumo, aliyeimba tangu enzi za NUTA hadi alipostaafu, akafariki mwaka 2014, alijulikana nchi nzima. Lakini sifa ya namna hiyo haikuwa utajiri.

4. Sauti ya mnyonge

Kati ya wote, aliyekaribia zaidi kile tunachokiita bluzi ni Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na baadaye akaiongoza Super Matimila. Aliishi Sinza, na hata leo kituo cha daladala huko huitwa Sinza kwa Remmy. Alijitangaza kuwa mtetezi wa watu duni. Wimbo wake mmoja unaitwa "Sauti ya Mnyonge", na santuri yake iliyotolewa Uingereza mwaka 1989 iliitwa Songs for the Poor Man. Wimbo mwingine, "Muziki Asili Yake Wapi", unauliza katika jina lake swali ambalo mwanahistoria naye hana budi kuliuliza.

Kwa mwanatheolojia, wimbo wenye uzito kuliko yote ni "Kifo". Ndani yake kifo husemeshwa kama mtu anayesimama mbele ya mwimbaji, na hulaumiwa kwa ukatili wake. Tunamfahamu mwingine aliyekisemesha kifo ana kwa ana: Mtume Paulo, katika sura ya 15 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, akifuata maneno ya nabii Hosea. Paulo hukiuliza kifo swali la mshindi. Remmy hukilaumu kwa sauti ya mfiwa. Je, moja ya sauti hizo ni ya imani na nyingine ni ya upagani? Hatudhani hivyo. Ya kwanza ni ya asubuhi ya Pasaka, ya pili ni ya Ijumaa Kuu, na Kanisa limekabidhiwa siku zote mbili.

Jambo hilo halikuwa la nadharia tu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti ugonjwa huo. Wachungaji wakawa wanazika vijana juma baada ya juma, mara nyingi bila kuutaja ugonjwa kwa jina lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Remmy aliimba "Mambo kwa Soksi", wimbo uliohimiza matumizi ya kondomu. Redio ya taifa ilikataa kuupiga, na viongozi wengi wa dini wasingeweza kuukubali. Mtu anaweza kuutilia shaka ushauri wa wimbo huo, lakini hawezi kukana kwamba katika kumbi za viunga lilitamkwa wazi jambo ambalo katika mimbari nyingi lilinong'onwa.

5. Mlango wa Kanisa

Katika sharika nyingi mtu wa bendi alihesabiwa kuwa mtu wa dunia. Uamsho ulioenea Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930 ulifundisha kuacha pombe na ngoma, na mafundisho hayo hayakuwa bure. Tusiipambe historia. Kumbi za dansi zilikuwa pia mahali pa ulevi, mishahara ya watoto iliishia humo, na nyimbo nyingi zilimtwisha mwanamke lawama ya ndoa iliyovunjika huku mwanamume akiachwa huru. Mchungaji aliyeonya alikuwa na sababu.

Hata hivyo pamoja na pombe kilikataliwa pia kilio. Kazi njema ilifanyika Makumira, ambako Howard Olson alikusanya tenzi za Kiafrika zilizotolewa katika Tumshangilie Mungu mwaka 1968. Kazi ile ilithibitisha kwamba sauti za asili zinaweza kumtukuza Mungu. Lakini macho yake yalielekea zaidi nyimbo za jadi. Muziki wa mpangaji wa Manzese haukuwa wa kabila lolote, na hivyo haukupata mtetezi. Baadaye kwaya za mjini zilichukua magitaa na kinanda cha umeme, hata mapigo yao yakakaribiana na ya dansi. Mapigo yaliingia, maombolezo yalibaki nje.

Waimbaji wenyewe walipoingia Kanisani, jambo hilohilo lilionekana. Cosmas Chidumule, mmojawapo wa sauti kuu za Mlimani Park, aliacha dansi akawa mwimbaji wa Injili. Remmy naye, baada ya kuugua, aliokoka, akaimba nyimbo za dini mpaka alipofariki Desemba 2010. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini Kanisa lilipowapokea lilisikiliza zaidi ushuhuda wa kuacha, na halikuuliza sana kama kulikuwa na kitu cha kuleta.

Linganisheni na habari za Thomas Dorsey wa Chicago. Alikuwa mpiga kinanda wa bluzi, aliyejulikana kama Georgia Tom. Mwaka 1932, mwaka uleule ilipoanzishwa Dar es Salaam Jazz Band, mkewe alifariki akijifungua, na mtoto naye akafa. Katika msiba huo aliandika "Precious Lord, Take My Hand". Yeye hakuiacha bluzi mlangoni. Aliingia nayo, ikawa sala. Makanisa kadhaa yalimpinga kwanza, nayo yakaja kumwimba. Miaka 40 baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya tenzi za watumwa na bluzi, James Cone alionyesha kwamba nyimbo hizo mbili zimetoka katika maisha ya watu walewale na hazipaswi kutenganishwa.

6. Urithi wetu wenyewe

Mlutheri hana haja ya kwenda Chicago kutafuta ruhusa. Karibu theluthi moja ya Zaburi ni za maombolezo, na ile ya 88 inaishia gizani bila neno la faraja. Utenzi wa Luther "Aus tiefer Not" umejengwa juu ya Zaburi ya 130, nao uliimbwa katika mazishi ya Mteule Frederick mwaka 1525. Katika mdahalo wa Heidelberg mwaka 1518, Luther alifundisha kwamba mwanatheolojia wa utukufu hugeuza mabaya kuwa mema kwa maneno, bali mwanatheolojia wa msalaba huliita jambo kwa jina lake. Kwa kipimo hicho, mwimbaji wa Sinza aliyekiita kifo katili hakuwa mbali na shule ya Wittenberg.

Luther alijua pia kwamba si kila sauti ya mtaani inafaa. Utenzi wake wa Krismasi, "Vom Himmel hoch", ulitolewa mwaka 1535 kwa sauti ya wimbo wa kidunia, na mwaka 1539 ukapewa sauti nyingine. Kupima ni wajibu wa Kanisa. Lakini asiyesikiliza hawezi kupima.

7. Hitimisho

Dar es Salaam ya sensa ya mwaka 2022 ina watu 5,383,728, na viunga vimefika Mbagala, Kimara na mbali zaidi. Bendi za dansi zimepungua, na vijana wana muziki mwingine. Swali halijapungua. Mama aliyefiwa na mwanawe Tandika akija katika ibada ya Jumapili, na kwaya ikampa nyimbo za ushindi tatu mfululizo, atajifunza kwamba kilio chake si cha mahali pale. Atakipeleka kwingine, na huko kwingine kutakuwa na mtu wa kukisikiliza.

Basi inafaa vyuo vyetu viwafundishe watumishi wajao Zaburi za maombolezo kama sala za kuombwa, si kama mifano ya fasihi ya Kiebrania tu. Inafaa ibada za mazishi ziwe na nafasi ya swali kabla ya jibu. Tena inafaa watunzi wa kwaya zetu wahimizwe kutunga kwa ajili ya siku ya giza, wakijifunza bila aibu kwa wazee wa dansi walio hai bado, namna ya kulisimulia neno zito polepole, mpaka mwisho, kabla ya chemko.