Forodha na Mwenye Ufunguo

Katika mji wa Unguja pana mahali paitwapo Forodhani. Siku hizi ni bustani ambamo watu hupunga upepo wakati wa magharibi, na wauza samaki huwasha taa zao. Lakini jina hilo ni la kazi ya zamani. Hapo ndipo bidhaa ziliposhushwa, zikahesabiwa, zikapimwa, na kulipiwa ushuru. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, lugha ambayo ndani yake lilikuwa na maana ya mahali pa kushushia shehena. Waswahili wakaliongeza maana ya nyumba ya ushuru na ya ushuru wenyewe. Basi neno hili moja limebeba mambo matatu: njia, hesabu na mamlaka. Mtu atakaye kuitengeneza forodha ya nchi yoyote hana budi kuyagusa yote matatu, apende asipende.

Nchi tajiri na mashirika ya dunia hutoa fedha, vyombo na wataalamu ili kuzisaidia nchi zinazoendelea kurekebisha forodha na taratibu za mipakani. Wengi hudhani kwamba jambo hili ni jipya. Historia ya pwani ya Afrika ya Mashariki yatuonyesha kwamba ni la kale. Si mara moja wala mbili mgeni amefika mlangoni mwetu akasema, Hesabu zenu zimevurugika, nitawanyoshea. Mara nyingine alisema kweli, na hesabu zikanyoka. Swali ambalo wasomaji wa historia wanapaswa kuliuliza ni moja: baada ya hesabu kunyoka, ufunguo ulibaki kwa nani?

Na tuanze na Sayyid Said bin Sultan, aliyeifanya Unguja makao yake makuu. Mwaka wa 1833 alifanya mkataba na Marekani, na sharti moja lilikuwa kwamba wafanya biashara wa nchi hiyo walipe ushuru wa 5 kwa 100 juu ya shehena waliyoishusha, wala wasidaiwe zaidi. Uingereza ilipata mkataba wa namna hiyo mwaka wa 1839, na Ufaransa mwaka wa 1844. Haya yalikuwa matengenezo ya maana sana. Nahodha wa Salem, kabla ya kung'oa nanga kwao, aliweza kujua atadaiwa nini Unguja, na kujua ni nusu ya biashara. Lakini uhakika huo haukumfikia kila mtu. Pembe za ndovu zilizotoka bara zilitozwa viwango mbalimbali kwa kadiri ya mahali zilikotoka, na mizigo hiyo ilikuwa na uzito mkubwa kuliko ule wa mgeni. Hivyo tangu mwanzo tunaona jambo litakalorudi mara kwa mara: njia hunyoshwa kwanza kwa ajili ya yule mwenye nguvu ya kuidai.

Kadhalika Sultani hakuwa na makarani wa kutosha wala daftari za serikali. Aliikodisha forodha. Mkodi aliahidi kulipa fedha maalumu kila mwaka, na chochote kilichopatikana zaidi ya hapo kilikuwa chake. Kwa miaka mingi ukodi huu ulikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, tajiri wa Kachi katika Bara Hindi, na baadaye wakala wake Ladha Damji akawa mtu mashuhuri katika Unguja. Mwaka wa 1876 Sultani Barghash alimpa Taria Topan kazi hiyo. Tusiwalaumu watu hawa kwa haraka. Waliijua biashara, waliwakopesha wasafiri wa bara, na walimpa Sultani pato ambalo aliweza kulitumaini. Lakini kiasi halisi cha mali iliyopita mlangoni kilijulikana na mkodi peke yake. Sultani alikopa kwa yule yule aliyemkusanyia ushuru, na waliomfuata wakarithi deni. Mwenye nyumba akawa mdeni wa bawabu wake.

Tena haitupasi kusahau kwamba kwa muda mrefu forodha hiyo ilitoza kodi kwa kichwa cha mtumwa kama ilivyotoza kwa frasila ya pembe. Vitabu vyake viliweza kuwa safi, mizani yake sawa, na kazi yake haraka, na bado kinachopita kikawa ni dhuluma. Mkataba wa mwaka wa 1873 uliipiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na masoko yao yakafungwa. Mfano huu watufundisha kwamba wepesi wa forodha si wema kwa nafsi yake. Lazima tuulize pia ni nini kinachopitishwa, na kwa faida ya nani.

Mwaka wa 1888 swali la ufunguo lilijibiwa kwa damu. Mnamo Aprili Sultani Khalifa alitia sahihi mkataba ulioipa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki haki ya kukusanya ushuru katika bandari za Mrima kwa jina lake. Kwenye karatasi yalikuwa matengenezo ya utawala: watumishi wapya, daftari mpya, utaratibu mmoja. Lakini mwezi wa Agosti watumishi wa Kampuni walipokuja kushika kazi Pangani na kutweka bendera yao, watu wa pwani walielewa mara moja kwamba jambo lililobadilika lilikuwa kubwa kuliko daftari. Abushiri bin Salim akaongoza vita huko Pangani, na Bwana Heri huko Saadani. Serikali ya Ujerumani ilileta jeshi chini ya Hermann Wissmann, na Abushiri akanyongwa Desemba 1889. Sababu za vita hivyo zilikuwa nyingi, lakini mlango wake ulikuwa forodha.

Katika Unguja mambo yalikwenda kimya zaidi. Uingereza ilitangaza ulinzi wake mwaka wa 1890, na mwaka uliofuata Gerald Portal akaipanga upya hazina. Mapato ya serikali yalitengwa na mali ya Sultani, na matumizi yakaandikwa. Mtu wa haki hawezi kusema kwamba hayo yalikuwa mabaya. Lakini Sultani alibaki mwenye kupewa posho kutoka katika hazina iliyokuwa yake, na raia wake hawakupata sauti aliyoipoteza yeye.

Katika karne ya ishirini kazi ya kuunganisha forodha ilianza. Kenya na Uganda ziliunganishwa mwaka wa 1917, Tanganyika ikaingia kwa hatua na kukamilisha mwaka wa 1927, na mwaka wa 1949 idara za ushuru zikawa idara moja. Baada ya uhuru, mkataba wa mwaka wa 1967 uliunda Jumuiya ya Afrika Mashariki. Basi muungano wa forodha ulikuwapo hapa kabla ya nchi nyingi za Ulaya kuwa na wao. Kwa nini basi ulivunjika mwaka wa 1977? Sababu moja ilikuwa kwamba viwanda vingi vilikaa Kenya, na Tanzania na Uganda ziliona kwamba mlango ulio wazi uliwaletea bidhaa bila kuwaletea kazi. Mkataba wa 1967 ulijaribu kuponya donda hili kwa kodi maalumu ya kulinda viwanda vichanga, lakini siasa na itikadi zilizidi dawa. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka huo wa 1977, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Ndugu waliokaa pande mbili za mstari mmoja walikatazwa kuuziana mbuzi.

Jumuiya ilizaliwa upya kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Umoja wa Forodha ulianza kazi tarehe 1 Januari 2005, na kuanzia mwaka wa 2014 ukaingizwa mpango wa himaya moja ya forodha: ushuru wa mzigo wa Uganda au Rwanda hukadiriwa na kulipwa mzigo ungali Mombasa au Dar es Salaam, na maofisa wa nchi hizo hukaa bandarini kufanya kazi yao. Mipakani vilijengwa vituo vya huduma kwa pamoja. Zamani lori lilisimama mara mbili, kwanza kutoka katika nchi moja, kisha kuingia katika ya pili. Sasa hupita upande wa kwanza bila kusimama, na maofisa wa nchi zote mbili hulikagua chini ya paa moja upande wa pili. Kituo cha Rusumo kilifunguliwa rasmi mwaka wa 2016, na vya Busia na Namanga mwaka wa 2018. Ili ofisa aweze kutumia sheria ya kwao juu ya ardhi ya jirani, ilibidi Jumuiya itunge sheria maalumu mwaka wa 2016. Majengo mengi yamesaidiwa na wageni. Daraja la Rusumo, kwa mfano, lilijengwa kwa msaada wa Japani.

Ulimwenguni pia pamekuwa na badiliko. Mkataba wa uwezeshaji wa biashara wa Shirika la Biashara Duniani ulikubaliwa Bali mwaka wa 2013, na ukaanza nguvu tarehe 22 Februari 2017. Unazitaka nchi zitangaze sheria na ada zao, zimpe mfanya biashara haki ya kukata rufani, na majirani washirikiane mipakani. Neno jipya ndani yake ni hili: nchi inayoendelea yenyewe hupanga wajibu wake katika mafungu matatu, yale itakayotimiza mara moja, yale yatakayohitaji muda, na yale yatakayohitaji muda pamoja na msaada. Hapa twaona tofauti kubwa na mwaka wa 1888. Mwenyeji ndiye asemaye amepungukiwa na nini. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wazee walivyosema. Nao hawakusema mgeni njoo mwenyeji ahame.

Lakini karatasi njema haitoshi. Mwaka wa 2020, wakati wa maradhi ya korona, malori yalipanga foleni ya kilometa nyingi Malaba, madereva wakingoja kupimwa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu ya kuvu, kisha ikayaruhusu kwa masharti baada ya siku chache. Huenda hofu ya sumu ilikuwa ya haki. Ila mkulima aliyekwisha kupakia magunia yake alipata habari akiwa njiani. Nahodha wa Salem mwaka wa 1833 alikuwa na uhakika ambao mkulima huyu hakuwa nao.

Na yupo mwanamke avukaye mpaka na kikapu cha nyanya au mtumba wa nguo. Jumuiya imemwekea cheti chepesi cha asili ya bidhaa, kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Cheti hicho kina faida akikijua, akikipata katika lugha anayoisoma, na ofisa akikiheshimu. Pasipo hayo, atarudi katika njia ya panya, ambako hakuna foleni, lakini hakuna sheria ya kumlinda pia.

Kwa hiyo nadhani kipimo cha msaada katika forodha kisiwe wingi wa majengo wala kasi ya malori peke yake. Tutazame mambo mawili. La kwanza, je, siku mtaalamu mgeni atakapofunga sanduku lake, karani mwenyeji ataweza kuifungua daftari, kuisoma na kuisahihisha? Sultani hakuweza kuisoma ya mkodi wake, na kwa sababu hiyo aliipoteza nchi yake kidogo kidogo. La pili, je, uhakika aliopewa mwenye meli umemfikia mwenye kikapu? Yakitimia hayo, msaada utakuwa umeacha ufunguo nyumbani. Yasipotimia, tutakuwa na lango zuri kuliko la Sayyid Said, na bawabu ambaye bado tunamwia deni.