Mjumbe wa Nani? Uchaguzi wa Nyanza ya Kati, 1957

Neno "mjumbe" limebeba swali: ni nani aliyemtuma? Kabla ya 1957, Waafrika waliokuwamo katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya waliteuliwa na Gavana. Mmoja wao, B. A. Ohanga wa Nyanza, alifanywa waziri mwaka 1954, Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho.

Machi 1957 Waafrika walichagua wajumbe wanane. Kura hazikuwa sawa: kwa kadiri ya elimu, mapato au utumishi wake, mtu mmoja aliweza kuwa na kura hata tatu, naye asiyetimiza masharti hakuwa na hata moja. Ungedhani wapiga kura wa namna hiyo wangemshikilia waziri. La hasha! Nyanza ya Kati, ambayo makao yake yalikuwa Kisumu, ilimwangusha Ohanga, ikamchagua Oginga Odinga.

Mwaka 1966 Odinga alipojitoa KANU, sheria mpya ilimlazimu kurudi kwa wapiga kura wa Bondo, nao wakamtuma tena. Mwaka 1969 chama chake, KPU, kilipigwa marufuku, naye akawekwa kizuizini. Safari hiyo waliomtuma hawakuulizwa.