Injini ya Mvuke kwa Njia ya Kasese

Reli ilifika Kasese mwaka 1956, na kilichoileta ni shaba. Mgodi wa Kilembe, pale miguuni mwa Rwenzori, ulihitaji njia ya kupeleka mali yake Jinja, ambako umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954, ungeendesha tanuri la kuyeyushia. Kutoka Kampala ni zaidi ya kilomita 300. Njia ilikatiza mabwawa ya mafunjo, ikapita Mityana na Kamwenge, halafu ikateremka ukingo wa Bonde la Ufa mpaka tambarare za Ziwa George. Mji wa Kasese ulikua kuizunguka stesheni. Bwera, mji ulio karibu na mpaka, haikufikiwa, kwa hiyo mizigo ya Kongo inayopita mpaka wa Mpondwe imebaki kuwa kazi ya malori.

Anayetaka kujua ubora wa injini ya mvuke ya zamani, iwe ile kubwa yenyewe au modeli yake ya kuwekwa mezani, aanze na njia iliyotengenezewa. Wengi huanza na ukubwa, na hapo ndipo sifa zote zinapoishia kwa daraja la 59 la Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Injini hizo zilikuwa 34, zimeundwa na Beyer, Peacock wa Manchester miaka ya 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa tani 250 hivi. Hakuna injini ya mvuke iliyozizidi katika reli za upana wa mita moja duniani kote. Zilipewa majina ya milima, na ile ya namba 5902 iliitwa Ruwenzori Mountains. Lakini kazi yake ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi. Kila ekseli yake kubwa ilikandamiza reli kwa tani 21, uzito ambao njia nyepesi ya magharibi mwa Uganda isingeustahimili. Injini iliyobeba jina la mlima wetu haikuwa na njia ya kuufikia.

Njia nyepesi zilitengenezewa injini zake. Daraja la 60, injini 29 za miaka ya 1953 na 1954, lilikuwa na mzigo wa tani 11 tu kwa ekseli. Hizi nazo, kama zile za daraja la 59, ni za mtindo wa Garratt, uliobuniwa na Mwingereza Herbert William Garratt mwanzoni mwa karne ya 20. Boila moja huning'inizwa katikati ya injini mbili, kila moja ina silinda na magurudumu yake. Tanki la maji liko mbele, mafuta na maji mengine nyuma. Uzito unagawanywa juu ya ekseli 14, na garimoshi linajikunja kwenye kona. Kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, boila hupata nafasi ya kunenepa na kikasha cha moto hupata kina. Naiona kuwa ndiyo hesabu bora kabisa iliyowahi kufanywa kwa reli za Afrika: nguvu nyingi juu ya chuma chembamba. Mbili kati ya injini za daraja la 60 zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971. Mojawapo, namba 6024, ina jina la Sir James Hayes Sadler, aliyekuwa Kamishna wa Uganda kabla ya kupelekwa Nairobi.

Mafundi wa shirika hawakuziacha injini kama zilivyotoka kiwandani. Maboresho makubwa yalihusu bomba la moshi. Katika injini ya mvuke, mvuke uliokwisha kusukuma pistoni hutupwa juu kupitia bomba hilo, na katika kutoka kwake huvuta hewa ipite kwenye moto. Ukitoka kwa kubanwa sana, moto unawaka vizuri lakini pistoni zinachoka kusukuma mvuke wake wenyewe. Adolph Giesl-Gieslingen wa Austria alipanga matundu kadhaa membamba kwa mstari mmoja, na juu yake akaweka bomba bapa, refu kwenda nyuma. Mvuto ukapatikana kwa kubana kidogo. Afrika Mashariki iliukubali uvumbuzi huo kuliko nchi nyingi, na injini za daraja la 59 zilifungwa bomba hilo. Kwa hiyo anayeikagua modeli ya injini hizo atazame bomba kwanza: la duara ni umbo la awali, bapa ni la baada ya mabadiliko. Modeli yenye bomba bapa na rangi ya mwaka wa kwanza imechanganya nyakati.

Modeli zenyewe zina historia yao. Jarida la Model Engineer lilianzishwa London mwaka 1898, na kwa miaka mingi injini ndogo zilichemshwa kwa spiriti, zikajivuta zenyewe na kidogo zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Lillian Lawrence, fundi aliyeandika kwa herufi LBSC, alishikilia kwamba boila ndogo ya makaa, yenye mabomba kama ya injini kubwa, inaweza kumvuta mtu mzima. Akaijenga, ikavuta.

Ugumu wa boila ndogo unaonekana kwa hesabu. Reli ya mita moja ikiigizwa kwa upana wa inchi 3½, yaani milimita 89, kila kipimo kinagawanywa kwa 11 hivi. Eneo la boila linapungua mara 121, ujazo mara 1,331. Kila lita ya maji ina ngozi ya kupotezea joto mara 11 zaidi. Ndiyo maana kuifunika boila vizuri kunasaidia modeli kuliko kuongeza moto.

Modeli kuukuu ikikufikia, usiiwashe. Jaza boila maji baridi hadi hewa yote itoke, kisha sukuma kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi, huku ukitazama geji. Maji hayatanuki kama hewa, kwa hiyo boila ikishindwa itavuja tu, haitalipuka. Chunguza maungio: yaliyolehemiwa kwa risasi huyeyuka maji yakipungua, na hayo yafanywe upya kwa lehemu ya fedha. Baadaye zungusha magurudumu kwa hewa ya kompresa ya kawaida, kama ile ya kujazia matairi, na usikilize. Injini ya silinda mbili hupumua mara nne kwa kila mzunguko. Pumzi moja ikichelewa, valvu hazijapangwa sawa. Garratt ina mapigo ya injini mbili, yanayokutana na kuachana, na hilo si kosa.

Kinachohatarisha maisha kibadilishwe. Rangi iliyochakaa, skrubu ya zamani, alama ya nyundo ya fundi wa kwanza, hivyo viachwe, na kila kilichotolewa kihifadhiwe na maandishi yake.

Treni za Kasese zilikoma katika miaka ya 1990, na siku hizi mipango inayozungumzwa ni ya reli pana ya milimita 1,435 hadi Mpondwe. Jinja imepata makumbusho yake ya reli. Nataka Kasese nayo ipate injini inayotembea, na modeli iko ndani ya uwezo wa karakana za Kasese na Bwera, ambako kuna mafundi wanaochomelea na kukereza vyuma kila siku. Iwe ya daraja la 60, kwa inchi 3½, yenye bomba la duara kama ilivyotoka kiwandani. Boila yake iwe ya shaba, kwa kuwa shaba hupitisha joto upesi na haishiki kutu kama chuma, na ndiyo mali iliyoijenga njia hii.