Nyumba ya kudumu ni ipi? Somo la Punia

Kongo nyumba hupangwa kwa madaraja: ya "durable", ya "semi-durable", kisha ya potopoto, yaani fito na udongo. Ya kwanza ni tofali la kuchoma, saruji na mabati. Ya mwisho huhesabiwa dalili ya umaskini. Lakini ukiifuata historia ya ujenzi wa Punia, kaskazini mwa mkoa wa Maniema, utaona kwamba madaraja hayo yanapima nguvu ya kitu siku kilipojengwa, wala hayaulizi nani atakitengeneza kikiharibika.

Wakumu na Walega wa misitu ya huko walijenga kwa kadiri ya maisha yao. Kijiji kilihama mashamba yalipochoka, kwa hiyo nyumba haikuhitaji kudumu kuliko shamba. Miti ilichimbiwa chini, fito zikafungwa kwa kamba za msituni, udongo ukakandikwa pande zote mbili, ukaachwa upasuke, kisha ukapakwa mara ya pili kuziba nyufa. Paa liliezekwa kwa majani mapana kuanzia ukingoni kwenda juu: kila jani lilitiwa pengo kwenye kikonyo na kuning'inizwa kwenye fito, likilala juu ya lile la chini yake. Moshi wa jiko ulipenya humo na kufukuza wadudu. Kijiji kilipohama, miti na majani yalioza na msitu ukarudi. Kuiita nyumba hiyo ya muda si kosa. Kosa ni kudhani kwamba kutodumu huko kulitokana na ujinga.

Wabelgiji walipowakusanya watu kando ya barabara na kukataza vijiji kuhama, ndipo nyumba ileile ikawa na kasoro: ilitakiwa idumu mahali pamoja, na majani yakazidi kuwa mbali. Halafu ikaja kampuni ya Symétain, iliyoanzishwa 1932 kuchimba kasiterite, madini ya bati, Kalima na Punia. Ilijenga kwa matofali na mabati, na kwa muda ujenzi huo ulikuwa wa kudumu kweli, kwani nyuma yake kulikuwa na magari, karakana, mafundi wa mishahara na reli ya Kindu, makao makuu ya mkoa, hadi Kongolo. Mwaka 1976 kampuni za madini za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa Sominki. 1985 soko la bati likaanguka duniani. 1997 Sominki yenyewe ikafungwa. Tangu hapo, bati la paa likitoboka kwa kutu, jipya halioti porini. Ukuta wa udongo ukibomoka, udongo wa kuuziba upo pale pale ulipoangukia.

Atakayepinga atasema, na kwa haki, kwamba anayesifu majani mara nyingi halali chini yake. Majani hushika moto, huvuja, na huchukua siku nyingi za kazi. Mabati yanakinga maji safi ya mvua, na mvua Maniema si haba. Ndiyo sababu mtu akipata fedha hununua mabati kwanza, na hakosei. Ila hoja hiyo inatetea paa, haitetei ukuta. Tofali la kuchoma hula kuni za tanuru zima, na saruji, ambayo utengenezaji wake hutoa takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu duniani, hupanda bei kwa kila kilomita ya tope kutoka Kindu. Hata tofali la kushindiliwa kwa mashine ya mkono ya CINVA-Ram, lililosifiwa tangu lilipobuniwa Colombia mnamo 1956, kwa kawaida hudai saruji kidogo. Kinachouua ukuta wa udongo ni maji ya chini na ya pembeni. Msingi wa mawe uliopanda juu ya usawa wa ardhi na paa lililotokeza vya kutosha huyazuia yote mawili, kwa gharama ambayo mwenye nyumba Punia anaweza kuibeba bila kungoja kampuni nyingine ije.