Jeni ya usugu hutafutwaje maabara?

NDM-1 ni jeni inayomwezesha bakteria kuvunja karibu dawa zote za ukoo wa penisilini, hata kabapenemu ambazo daktari huziweka akiba. Ilitambuliwa mwaka 2008 kwa mgonjwa wa Uswidi aliyewahi kulazwa India. Mwaka 2011 watafiti wakaripoti kuipata kwa wagonjwa wa Nairobi. Si ya mbali tena.

Kuotesha damu au mkojo hadi ijulikane dawa ipi inaua huchukua siku kadhaa. Kipimo cha PCR hunakili kipande cha jeni mara mamilioni, jibu likatoka kwa saa chache. Lakini ndugu msomaji, PCR huona tu jeni iliyotumwa kuitafuta. Ikikosekana, mdudu aweza kuwa sugu kwa njia nyingine, kwa hivyo kuotesha hakuachwi.