Video ya moja kwa moja kwenye simu: nani anaiona, nani anaweza kuitunza?

Ndoa iko Bukavu, dada wa bibi arusi iko Kampala, wajomba wako Ulaya. Siku hizi simu moja inatosha juu wote wafuate sherehe saa ileile. Ni vilevile kwa mazishi, wakati barabara imefungwa na jamaa hawawezi kufika. Lakini ulinzi wa picha hizo si sawa kwa programu zote.

Njia tatu

Ya kwanza ni kupigiana simu ya video kwa WhatsApp ao Signal. Picha inafungwa kwa ufunguo ndani ya simu ya mwenye kutuma, na inafunguliwa tu kwenye simu ya mwenye kupokea. Kampuni zinazopitisha picha hiyo haziwezi kuiangalia. WhatsApp inapokea mpaka watu 32 kwenye simu moja ya video.

Ya pili ni kurusha kwa Facebook ao TikTok. Hapa picha inafika kwanza kwenye mashine za kampuni, kisha inagawanywa kwa watazamaji. Kwa Facebook, mtu anaweza kuchagua marafiki tu ao kikundi kilichofungwa. Hiyo inapunguza watazamaji, lakini kampuni inabaki na picha.

Ya tatu ni kiungo, sawa video ya YouTube isiyoonekana katika utafutaji. Wengi wanaiita siri, kumbe kila mwenye kupata kiungo anaingia, na anaweza kukitumia mwingine.

Mahali ulinzi unaishia

Ufunguo unalinda njia, haulindi watu walio mwishoni mwa njia. Mmoja wa kikundi anaweza kurekodi kioo cha simu yake, ao kufilimu kwa simu nyingine. Tena picha yenyewe inasema mengi: rangi ya mlango, kibao cha duka la jirani, kengele ya kanisa. Kwa familia iliyokimbia vita na kupokelewa kwa watu, ao kwa mama aliyefanyiwa ubakaji, hayo peke yake yanatosha kuonyesha anapolala.

Katika Kongo, kitabu cha sheria za numeriki cha tarehe 13/03/2023 kinalinda habari za mtu binafsi. Lakini picha ikishatoka, hata sheria haiirudishi.

Kabla ya kufungua kamera

- Kuomba ruhusa kwa kila mtu atakayeonekana, na kwa wazazi ikiwa ni mtoto.
- Kuita watu kwa majina yao, bila kutupa kiungo katika kikundi kikubwa.
- Kuangalia katika WhatsApp sehemu ya «Appareils connectés», na kuondoa kompyuta ao simu isiyojulikana.
- Kuweka kodi ya tarakimu 6 ya WhatsApp, na kutoipa mtu yeyote.
- Kufilimu ndani, kamera ikigeukia ukuta, si barabara.
- Sherehe ikiisha, kuhakikisha kamera imezimwa kabla ya kuweka simu mezani.