Moyo Uliopasuka

Leo tutasoma habari za moyo.

Mwaka 1649 William Harvey, daktari wa Uingereza, alieleza habari za bwana mmoja aliyekuwa akiumwa sana na kifua. Alipokufa, mwili ulipasuliwa, ikaonekana ukuta wa moyo upande wa kushoto una tundu la kuingia kidole.

Kwa nini moyo hupasuka? Mshipa unaoulisha ukizibika, sehemu ya nyama yake hukosa damu, ikafa. Nyama iliyokufa hulegea, na moyo haupumziki: hupiga mchana na usiku. Basi baada ya siku chache ukuta wa nje waweza kupasuka, au ukuta wa kati ukatoboka, au kinyama kinachoshika mlango wa moyo kikakatika.

Zamani hapakuwa na dawa. Mwaka 1957 Denton Cooley na wenzake, wa Houston, Marekani, walieleza jinsi walivyouziba ukuta wa kati wa moyo wa mgonjwa. Siku hizi madaktari huzibua mshipa mapema, na mipasuko hiyo imepungua.

Lakini huwezi kuzibuliwa mshipa ukiwa umelala nyumbani. Kifua kikikubana, usingoje kesho. Nenda hospitali mara moja.